Kununua kompresa ya gereji ya nyumbani: anza na lita kwa dakika

Ukiulizia kompresa, yaani mashine ya kubana upepo, muuzaji atakutajia kwanza ukubwa wa tangi, halafu HP (nguvu ya mota). Hayo mawili hayatoshi kukuambia kama mashine itaimudu kazi yako. Kinachoamua ni lita za upepo inazotoa kwa dakika ikiwa tayari ina presha ya kazi, yaani baa 6 hivi (psi 90). Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, andika zana utakazotumia na uangalie ipi inakula upepo kuliko zote.

Kujaza tairi na kupuliza vumbi, lita 60 hadi 100 kwa dakika zinatosha. Spana ya upepo ya nusu inchi, ile ya kufungulia nati za magurudumu, inataka lita 120 hadi 150, na kwa kuwa unaibonyeza sekunde chache kisha unaiachia, tangi linakubeba. Bunduki ya kupigia rangi ni habari nyingine: nyingi zinataka lita 200 hadi 400 bila kukatika. Msasa wa upepo unakula 300 na kuendelea. Zana ikiandikwa CFM (futi za ujazo kwa dakika), zidisha kwa 28 upate lita. Kisha ongeza kama theluthi moja, kwa sababu kompresa ndogo za pistoni hazikuundwa kufanya kazi mfululizo. Zinahitaji kupumzika zipoe.

Sasa soma kibandiko kwa uangalifu. Kompresa ya HP 2 yenye tangi la lita 50 mara nyingi huandikwa lita 200 na ushee. Hiyo ni hesabu ya ukubwa wa silinda na mizunguko ya pampu. Upepo unaofika kwenye mpira wa kutolea upepo huwa kama asilimia 60 hadi 70 ya hapo. Usibishane na muuzaji, pima:

1. Funga bomba la kutolea upepo, washa mashine.
2. Geji ikigusa baa 5, anzisha saa ya simu. Ikigusa baa 7, isimamishe.
3. Zidisha lita za tangi kwa 2, gawanya kwa sekunde ulizopata, zidisha kwa 60.

Tangi la lita 50 likitumia sekunde 50, mashine inatoa lita 120 kwa dakika. Likitumia sekunde 75, ni lita 80 tu, na hiyo ni chini ya spana inavyotaka.

Tangi kubwa halizalishi upepo. Chukua msasa wa lita 300 kwenye kompresa ya lita 120: pungufu ni lita 180 kila dakika. Tangi la lita 50 likishuka kutoka baa 8 hadi 6 linatoa akiba ya lita 100. Hata pampu ikiwa inazunguka tangu mwanzo, baada ya sekunde 33 hivi msasa unaanza kulegea. Tangi la lita 100 litakufikisha kwenye dakika moja na kidogo, kisha utasubiri muda mrefu zaidi lijae.

Umeme nao una kikomo chake. Kwenye fezi moja ya volti 230, mota ya HP 2 huvuta ampea 9 au 10, na soketi ya ampea 13 inaihimili. HP 3 ifungiwe laini yake na swichi yake ya kujikata, na fundi umeme apime unene wa waya. Ekstensheni ndefu na nyembamba inashusha volti: mota inaunguruma bila kuzunguka, kapasita (kifaa kinachoisaidia mota kuanza) inaungua, na baadaye unaipeleka mota kwa fundi wa kuzisuka upya. Ukitaka kufika mbali, refusha mpira wa upepo, si waya. Mashine ya mtumba kutoka Japani isomwe kibao chake cha mota, maana umeme wa majumbani kule ni volti 100.

Kwa anayefungua matairi na kupiga rangi bampa mara mojamoja, chaguo zuri ni ya mkanda (mota inaizungusha pampu kwa mkanda), HP 3, tangi la lita 100, inayopima lita 220 au zaidi. Pampu ya mkanda inazunguka polepole, haipati joto sana na inadumu. Ile iliyounganishwa moja kwa moja na mota huzunguka karibu mara 2,800 kwa dakika. Ni nyepesi na bei yake nafuu, lakini ina kelele na inachakaa mapema. Isiyotumia oili inafaa zaidi kwa kazi ndogo.

Kabla ya kulipa, sikiliza mashine inapojizima. Lazima ipumue "psss" fupi kwenye presha swichi, ile inayoiwasha na kuizima mota kulingana na presha ya tangi. Isipopumua, mota itawaka mara nyingine ikisukuma pistoni yenye presha juu yake, na itakwama. Ikiendelea kuvuja bila kukoma, valvu ya kuzuia upepo usirudi ni mbovu. Vuta pete ya valvu ya usalama uone inaachia na kufunga. Tangi lenye kiraka cha kuchomelea liache hapohapo, hata likiwa la bure: kutu hulila kwa ndani, na likipasuka linaua.

Dar es Salaam na Mombasa hewa ina unyevu mwingi, hivyo fungua koki ya chini ya tangi kila jioni umwage maji, na kwa kazi ya rangi funga kichujio cha maji mbali na pampu, mahali upepo umeshapoa.