Kufufua sanduku la zamani la njumu

Masanduku ya njumu ya pwani, yale ya mbao nzito yaliyopigwa misumari ya shaba, huvutia kwa kung'aa. Lakini shaba iliyofifia hurudishwa kwa nusu saa, ilhali ubao uliokwisha kuliwa haurudi. Kwa hiyo ukienda kununua, lipindue kwanza.

Ubao wa chini ndio unaokaa karibu na unyevu wa sakafu, na ndio huumia mapema. Vitundu vya milimita 1 hadi 2 visikutishe vyenyewe, huenda bungua, wale wadudu wanaokula mbao, walishatoka siku nyingi. Cha kuangalia ni unga mpya. Fagia vitundu vyote, tandika karatasi nyeusi chini ya sanduku, ngoja wiki 2. Unga ukidondoka tena, bungua wangali hai: vaa glavu, ingiza dawa ya mbao kwa sindano tundu baada ya tundu, kisha lifunge sanduku kwa nailoni wiki 2 nyingine.

Beba na sumaku ndogo. Shaba haishikwi na sumaku. Msumari ukinasa, ni chuma kilichopakwa tu, na hewa ya bahari itakitia kutu itakayoacha baka jeusi kwenye mbao.

Usafi wake ni wa mkono mwepesi. Tumia kitambaa kilichokamuliwa hadi kikakaribia kukauka, na matone machache ya sabuni kwenye maji. Likaushe kivulini siku nzima. Juani uso wa nje hukauka kabla ya ndani, ubao ukapasuka. Msasa usiuguse kabisa. Ile rangi ya umri ipo kwenye uso tu, na ukishaikwangua hakuna fundi wa kukurudishia. Shaba isugue kwa ndimu na chumvi, dakika 2 au 3, ukiwa umezungushia kadi iliyokatwa ili maji ya ndimu yasifike kwenye mbao. Futa, kausha papo hapo.

Mafuta ya nazi wengi huyapenda, ila huchacha, yakanata na kushika vumbi. Bora nta ya nyuki: sehemu 1 ya nta kwa 3 za tapentaini. Yeyusha nta kwenye kopo lililowekwa ndani ya maji moto, zima jiko, ndipo utie tapentaini, kwa sababu hushika moto upesi. Paka kidogo sana, acha dakika 20, sugua kwa kitambaa cha pamba.

Kuhusu mahali pa kuliweka: kila mtu hulifanya meza ya sebuleni, kisha kila akitaka kitu ndani huhamisha vikombe vyote. Mguuni pa kitanda panafaa zaidi, matandiko yakakaa humo. Liinue sentimita 3 kwa vipande vya mbao, liache sentimita 5 kutoka ukutani, na lisielekezwe kiyoyozi.

Ukinunua Kenya kwa nia ya kulisafirisha nje, uliza umri wake: kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na kukitoa kunahitaji kibali.