Kufunga injini ya dizeli ya lita 2.5 kwenye trekta ya Ferguson TE20: shughuli yote iko kwenye pleti

Mpwa wangu aliniletea Ferguson TE20 yenye bloku iliyopasuka, na pembeni dizeli ya lita 2.5 iliyotolewa kwenye pikapu. "Mjomba, hii si inaingia tu?" Kuingia iliingia, lakini tuliipasua trekta (yaani kuitenganisha injini na gia boksi) mara tatu. Nawaandikia ili nyinyi muipasue mara moja.

1. Injini

TE20 zilitengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956. Injini za petroli za kampuni ya Standard zilizofungwa humo zilikuwa za cc 1850, baadaye 2088. Wazo la kuweka kubwa zaidi ni la zamani: Perkins wenyewe, watengenezaji wa injini, waliuza P3, dizeli ya silinda tatu, kwa ajili ya trekta hii. Mimi nashauri dizeli ya silinda zilizopangwa mstari mmoja. V8, zenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, ni za maonyesho. Isitoshe, fimbo za usukani wa TE20 hupita pande zote mbili za injini, na V pana itazigonga.

2. Kupasua trekta

Mwaga maji, chomoa nyaya, fungua bolti. Ila kumbuka trekta hii haina chasisi: injini ndiyo uti wa mgongo, nyuma imeshika gia boksi, mbele imebeba ekseli. Na ekseli ya mbele huchezacheza kwenye pini yake, kwa hiyo pigilia kabari za mbao pande zote mbili kabla ya kulegeza bolti hata moja. Bila kabari, kipande cha mbele kitakulalia.

3. Pleti ya kuunganisha

Hapa ndipo tulipoteza siku. Pleti ni chuma bapa kinachokaa kati ya injini mpya na gia boksi ya zamani. Nilitumia chuma cha mm 20, kwa sababu alumini siiamini mahali panapobeba uzito wa trekta.

Mara ya kwanza tulikosea hivi: tulichora matundu kwa kufuata gaskiti, tukaelekeza klachi kwa kile kijiti cha plastiki, tukafunga. Trekta iliwaka. Klachi ikawa haiachii, gia zinalia, na baada ya kazi kidogo tu kitovu cha klachi pleti kikapasuka. Mpwa akalaumu klachi. Haikuwa na kosa: shafti ya gia boksi na krenkishafti (shafti kuu ya injini) hazikuwa kwenye mstari mmoja, kwa hiyo klachi pleti ilikunjwa kila mzunguko.

Fanya hivi. Mwambie fundi wa kukereza atoboe tundu kubwa la duara katikati ya pleti. Hilo ndilo rejea yako kwa pande zote mbili. Matundu ya bolti za upande wa injini yawe makubwa kidogo kuliko bolti, ili pleti iweze kusogezwa.

Funga pleti kwenye gia boksi kwanza. Bana daili geji (saa ya kupimia upotofu mdogo) kwenye shafti ya gia boksi, ncha iguse ukuta wa lile tundu, zungusha shafti taratibu. Tahadhari: shafti hiyo ikikosa beringi ya kuishika mbele, ncha yake huning'inia, na geji itakudanganya. Inyanyue shafti hadi mwisho, soma, iachie, soma, ukweli uko katikati. Hili peke yake lilitula mchana mzima. Tundu likiwa sawa, weka pini mbili za mwongozo upande huo.

Sasa ihamishie kwenye injini. Geji iwe juu ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), zungusha krenkishafti kwa mkono, nozeli zikiwa zimetolewa. Geji huonyesha mara mbili ya upotofu halisi: ikisoma mm 0.20, umepotoka mm 0.10. Mimi sikubali zaidi ya hapo. Gonga pleti kwa nyundo ya shaba, pima tena, gonga. Ikikaa, kaza, ndipo utoboe matundu ya pini. Ukitanguliza pini umejifunga mwenyewe.

Pima na uso wa pleti pia, huku ukisukuma krenkishafti upande mmoja tu muda wote. Mchezo wake wa mbele na nyuma huharibu usomaji.

Klachi pleti iwe na kipenyo cha flaiwili mpya na meno ya shafti ya trekta. Wanaobandika klachi upya hubadilisha kitovu bila shida.

4. Reli

Sampu (bakuli la oili chini) ya injini ya gari ni bati, haiwezi kubeba ekseli. Unganisha gia boksi na kishikio cha ekseli kwa reli mbili za chuma cha chaneli, moja kila upande, kwa bolti. Usichomelee, siku moja utataka kuifungua. Injini ikizidi urefu, refusha fimbo za usukani na zile za kushika ekseli kwa kipimo kilekile, la sivyo magurudumu ya mbele yatajivuta yenyewe.

5. Yaliyobaki

Rejeta, ekzosi, nyaya: unazijua.

Gavana, yaani kidhibiti cha mwendo wa injini, hapana, simama kidogo. Kwenye TE20, PTO (shafti ya nyuma inayoendesha mashine) huzunguka karibu mara 540 kwa dakika injini ikizunguka mara 1500, na pampu ya haidroliki huendeshwa na PTO hiyohiyo. Dizeli ya pikapu ikipelekwa 3000, mashine ya kukatia majani itazunguka zaidi ya 1000. Tuliweka bolti ya kuzuia wenzo wa pampu ya dizeli kwenye 2000, tukaifunga kwa waya na lakiri ya risasi, kwa sababu namjua mpwa wangu.