Kiungulia cha usiku na ngiri ya diaframu: anza na kitanda

Juzi nimemsaidia shemeji kuinua kitanda chake nikaona bora niandike, maana mimi mwenyewe nilikaa miezi nalala nimeketi kama niko kwenye basi.

Ngiri hii siyo ile ya kinena. Diaframu, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ina tundu la kupitisha umio, yaani bomba la chakula toka kooni, sasa tumbo la chakula linachungulia kifuani kupitia hapo, vali ya kati ya umio na tumbo inalegea, asidi inapanda. Wengi wanayo na hawana habari.

1. Kula kidogo kidogo, na mlo wa mwisho uwe masaa 3 kabla ya kulala.

2. Omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, meza dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Mimi nilikuwa nasubiri moto uwake ndo nameza, kazi bure, ile siyo zimamoto. Na ukiizoea muda mrefu usiikate ghafla, asidi inarudi kwa hasira, ongea na daktari muipunguze taratibu.

3. Kitanda. Hapa ndo nilipoteza usingizi wangu wote. Usirundike mito! Mito inainua kichwa tu, kiuno kinakunjika, tumbo linabanwa na asidi inasukumwa juu zaidi. Unachoinua ni miguu ya kitanda upande wa kichwani, sentimita 15 hadi 20. Mimi niliweka vipande vya mbao laini, saa nane usiku nikageuka, mguu mmoja ukateleza, puu, nyumba nzima ikaamka. Kwa hiyo chonga kishimo katikati ya gogo mguu ukae ndani, na pima pande zote mbili zilingane. Siku za mwanzo utajikuta umeporomoka hadi miguuni, vumilia. Kama kitanda hakiinuki tafuta godoro la mteremko, ila lianzie kiunoni, siyo mabegani. Halafu lalia ubavu wa kushoto, tumbo linakaa chini ya umio.

4. Mkanda legeza, sigara acha, kitambi punguza.

Chakula kikikwama kooni, ukitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami au ukikonda bila sababu, nenda ukapimwe kwa kamera. Na maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, na jasho juu, usiyaite kiungulia. Kimbia hospitali hapo hapo, kitanda utainua ukirudi.