Somo: Jinsi ya kuipima kampeni ya mtandaoni kabla hujaisambaza

Wanachama, leo tutumie mfano mmoja: video ya Kony 2012, iliyotolewa na shirika la Invisible Children la Marekani tarehe 5 Machi 2012 ili Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA kutoka Uganda, ajulikane duniani na akamatwe. Ni video ya nusu saa, na ndani ya siku sita ilikuwa imetazamwa mara milioni 100.

Hatua ya 1. Tukio ni la lini na la wapi?
Wengi waliitazama wakaamini Joseph Kony bado anateka watoto kaskazini mwa Uganda. Waasi wake wa LRA walikuwa wameondoka huko tangu 2006, na wakati ule waliokuwa wakiteseka ni wanavijiji wa Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Video ililigusa hilo juu juu tu.

Hatua ya 2. Wenye msiba wanasemaje?
Hapa msiharakishe. Tarehe 13 Machi video ilionyeshwa usiku, uwanjani, mjini Lira, kaskazini mwa Uganda, eneo lililoumizwa vibaya na LRA. Watu walifurika, manusura wakiwemo. Wakamwona baba wa Kimarekani akimsimulia mwanawe mdogo habari za Kony, kisha mabango na bangili zenye jina lilelile. Watu wakapandwa na hasira, mawe yakarushwa, na waandaaji wakasitisha maonyesho mengine. Aliyeuliwa ndugu yake atalitazamaje jina la muuaji likiwa pambo? Kampeni iliyotengenezwa bila kuwauliza wafiwa mimi siisambazi, hata iwe nzuri kiasi gani machoni.

Hatua ya 3. Fuata pesa.
Soma hesabu za shirika. Kwa Invisible Children, takriban theluthi moja ya matumizi ya 2011 ndiyo iliyokwenda kwenye miradi ya Afrika.

Hatua ya 4. Unachoombwa kufanya kinafika wapi?
Watu waliombwa kubandika mabango mijini usiku wa Aprili 20. Bango la Vancouver, Kanada, halimfikii mtoto aliye porini. Mwaka 2017 Marekani na Uganda zilisitisha msako wa Kony, naye hajakamatwa.

Maswali ya wanachama

*Kwa hiyo kampeni zote ni bure?*
Hapana. Mwaka 2014, katika kampeni ya mtandaoni ya kuchangisha fedha, watu walijimwagia ndoo za maji ya barafu, na chama cha Marekani cha ugonjwa wa ALS, unaoharibu neva zinazoendesha misuli, kikapata dola milioni 115. Sehemu ya fedha hizo ilisaidia utafiti uliobaini mchango wa jeni ya NEK1 katika ugonjwa huo. Kulikuwa na kazi inayoeleweka, na watu wa kuifanya.

*Nimeshasambaza, nifanyeje?*
Futa, kisha waandikie walewale uliowatumia, ueleze kilichokosewa.

*Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna picha ya mtoto mgonjwa na namba ya simu ya kutuma mchango. Tuchange?*
Bado. Ulizeni amelazwa hospitali gani, wodi ipi. Pigeni simu hospitalini kwa namba mliyoitafuta wenyewe, siyo iliyo kwenye ujumbe. Mkithibitisha, lipieni bili moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali, na mweka hazina aweke risiti kwenye grupu siku hiyohiyo. Na picha ya mtoto msiisambaze. Mzazi wake ndiye wa kuamua nani aione.