Ukiona ufa juu ya shimo: jinsi ya kufanya kazi ya mwakilishi kwenye mgodi wa makaa ya mawe

Niliendesha dampa miaka 9 kwenye mgodi wa wazi wa makaa ya mawe mkoani Ruvuma, na minne ya mwisho nilikuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi. Nakuandikia wewe uliyechaguliwa juzi kuwa mwakilishi wa tawi, ukapigiwa makofi, halafu asitokee mtu wa kukuambia uanzie wapi.

Anza na kaunta buku. Liwe la kurasa zilizoshonwa, na usichane ukurasa hata mmoja. Kila siku andika tarehe, zamu, mahali, ulichokiona, uliyemwambia na alichokujibu. Jibu liandike kama lilivyotoka mdomoni mwake.

Nakueleza kwa nini. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya makaa duniani, na malori yakawa yanapishana usiku na mchana kuelekea bandari ya Mtwara. Kwetu zamu zilirefushwa, na upande mmoja wa shimo ukachongwa wima mno. Juu ya ukuta huo ukatokea ufa wa kuingia kidole gumba. Tulimwambia msimamizi kwa mdomo mara tatu, akasema ni ufa wa mvua. Ndipo kijana mmoja wa katapila akapigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, tukawa tunapima nafasi kati yao kwa futi, ule utepe wa fundi, kila asubuhi kabla ya kuingia shimoni. Siku ya kwanza sentimita 60. Siku ya tatu 62. Siku ya saba 67. Nilipeleka barua yenye namba hizo tatu tu na mchoro wa mkono, na mchana ule ule njia ya chini ya ukuta ikafungwa. Wiki iliyofuata ukuta ulishuka usiku, chini hapakuwa na mtu. Neno "hatari" walikuwa wakilibishia kila siku. Futi hawakuibishia.

Barua iwe na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Wakikataa kugonga, andika saa na jina la aliyekataa, mashahidi wawili wasaini. Na isitoke kwa jina lako peke yako, itoke kwa tawi. Hapa idadi ya wanachama ina kazi yake: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mwakilishi 1 kwa wanachama 1 hadi 9, watatu kwa 10 hadi 20, kumi kwa 21 hadi 100, na 15 wakizidi 100. Mwenyekiti mmoja ni rahisi kuhamishiwa geti la nyuma. Watu kumi hawahamishiki kimya kimya. Kwa hiyo tembea na fomu za TUF 6, zile za kuidhinisha makato ya ada, na usiwasahau vibarua wa mkandarasi. Hao ndio wanaokaa karibu zaidi na ukuta, na ndio wanaoogopa zaidi kusema. Wafuate kwa mama ntilie, usiwafuate mbele ya msimamizi wao.

Kuna pia mwakilishi wa usalama anayeteuliwa na mwajiri kwa maandishi, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Mfanye rafiki, lakini usikubali kuambiwa kwamba kwa kuwa yupo yeye, tawi halina la kusema juu ya usalama.

Mwajiri asipojibu, peleka malalamiko OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na kwenye ofisi ya Afisa Madini Mkazi, ambaye ni wa Tume ya Madini, barua moja, na chini uandike wazi kwamba nakala imekwenda kote kuwili. Tume ya Madini inakagua usalama, na pia inasimamia mrabaha wa kila tani inayotoka. Sisemi maafisa wake ni wabaya, nimekutana na wazuri. Nasema ofisi inayosubiri tani ni vigumu kuwa ya kwanza kusimamisha tani, kwa hiyo kila ofisi ijue kwamba mwenzake ameisoma barua.

Viongozi wako wa chama nao watazame. Novemba 1968 mgodi wa makaa wa Farmington, jimbo la West Virginia, Marekani, ulilipuka, wakafa watu 78. Rais wa chama cha wachimbaji, Tony Boyle, alifika pale na kuisifu kampuni. Februari 1969 wachimbaji wa jimbo hilo waligoma wenyewe, bila baraka za makao makuu, wakidai fidia ya ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la makaa. Waliipata sheria ya jimbo, na kabla mwaka haujaisha ikapitishwa sheria ya usalama wa migodi ya makaa kwa nchi nzima. Kiongozi wa kanda akija mgodini kwenu akaishia kwenye chai ya meneja, mwite tawini aulizwe.

Ukifukuzwa kwa sababu ya haya, una siku 30 za kujaza fomu CMA F.1 na kuipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Usingoje "mazungumzo ya ndani" yaishe, siku zinahesabika. Mwenzako akiumia, taarifa ifike Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao anayeuchangia ni mwajiri, si yeye.

Siku ya mkaguzi, fua reflekta yako, ufike mapema. Atapokelewa ofisini, ataonyeshwa mafaili na kofia mpya. Msalimie, mwambie wewe ni mwakilishi wa tawi na unaomba kuongozana naye. Kisha mpandishe juu ya ukuta mpaka kwenye vigingi, umpe futi apime mwenyewe, na umfungulie daftari ukurasa wa siku ya kwanza.