Namna ya Kutumia Simu Kuchunguza na Kuelekeza Ndoto

Kabla hujapakua programu ya ndoto, fahamu kwamba simu haioni ndoto bali hukisia. Kihisi mwendo kilichomo ndani yake hupima mtikisiko wa godoro, na mtu anapotulia baada ya kugeukageuka, programu huchukulia kwamba ameingia katika ule usingizi ambao macho huchezacheza chini ya kope, uliotangazwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago. Makisio hayo hukosea, hasa kitanda kikiwa cha watu wawili. Kuhesabu muda uliolala kunaaminika zaidi, kwa kuwa usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na vipindi vya ndoto hurefuka kadiri asubuhi inavyokaribia.

Kwa majuma ya mwanzo usijaribu kubadilisha chochote, rekodi tu. Kengele inapolia, usigeuke wala usisome ujumbe. Baki katika mkao uleule, macho yakiwa yamefumba, ukusanye ndoto kuanzia kipande cha mwisho ukirudi nyuma, ndipo ubonyeze kinasa sauti. Kusema kunafaa kuliko kuandika, kwa sababu mwanga wa kioo na kuhangaika na herufi huifuta ndoto upesi. Maneno machache yanatosha: “Ngazi, maji ya magotini, mwalimu wa zamani anacheka, nina hofu.” Mchana yaandike, ukitenga watu, mahali na hisia, kisha utafute kinachojirudia. Alama za usingizi ambazo programu hutoa kila asubuhi zina faida ndogo mno kuliko daftari hili.

Ukishazoea, jaribu sauti. Mwaka 2012 Richard Wiseman wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, alizindua Dream:ON, programu iliyomchezea aliyelala sauti kama za mazingira ya asili kwa matumaini ya kuipendezesha ndoto. Maabara ya Ken Paller katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, imefuata njia nyingine, ambayo naiona ina msingi imara zaidi: ukiwa bado macho unasikiliza mlio fulani huku ukijizoeza kujiuliza kama unaota, na baadaye mlio huohuo unachezwa usingizini ili ukukumbushe kwamba unaota, nawe uweze kuielekeza ndoto. Panga mlio uanze baada ya takriban saa sita za usingizi. Upime kwanza ukiwa umelala kitandani: usikike kwa shida, kwani ukizidi kidogo utakuamsha.

Nyamazisha arifa zote, isipokuwa kengele, na usichaji simu chini ya mto, kwani hupata joto. Kagua pia ruhusa ya maikrofoni na mahali rekodi zinapohifadhiwa. Ndoto hutaja watu ambao hawajaombwa idhini. Mwenye tatizo la kukosa usingizi, au anayeandamwa na majinamizi, aache majaribio ya sauti na amwone daktari.