Mtama badala ya mahindi kwenye chakula cha kuku: angalia punje kwanza, kisha bei

Mahindi yakipanda bei, mfugaji wa kuku huumia mapema, maana karibu nusu ya chakula anachochanganya, au zaidi, ni mahindi. Wengi hukimbilia kuongeza pumba. Kuku wanajaza tumbo, ila mayai yanapungua, kwa sababu pumba zina nyuzinyuzi nyingi na nguvu kidogo. Kwa aliye Dodoma, Singida au Shinyanga, nafaka ya kuziba pengo hilo inalimwa na jirani yake: mtama.

Mtama mweupe usio na tanini (kemikali chungu iliyo chini ya ganda la punje) hutoa nishati ya takriban kilokalori 3,250 kwa kilo, wakati mahindi hutoa kama 3,350. Protini yake huwa asilimia 9 hadi 11, juu kidogo ya mahindi. Mbegu nyeupe kama Macia inaweza kuchukua nafasi yote ya mahindi, mradi mchanganyiko uliobaki umepangwa vizuri.

Shida iko kwenye tanini. Ndiyo inayowafanya kweleakwelea waukwepe mtama wa kahawia shambani, na kuku naye ni ndege. Tanini hushikana na protini, kuku akala vizuri lakini asifaidi. Vifaranga hudumaa na wengine hupinda miguu. Rangi ya nje peke yake inadanganya, kwani upo mtama mwekundu usio na tanini. Chukua punje chache kutoka kila gunia, kwangua ganda la juu taratibu kwa wembe. Ukikuta chini yake utando wa kahawia iliyokoza kabla ya kufika kwenye kiini, tanini ipo. Ukikuta weupe moja kwa moja, nunua. Usipime gunia moja ukaridhika, maana sokoni mtama wa mashamba tofauti huchanganywa. Wenye tanini usizidi robo ya nafaka yote, na vifaranga usiwape kabisa.

Kwa kuku wa mayai, kilo 100 zinaweza kupangwa hivi: mtama mweupe 56, pumba za mahindi 5, mashudu ya alizeti 13, mashudu ya soya 9, dagaa 6, chokaa ya mifugo 8, unga wa mifupa 2, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya kuku wa mayai nusu kilo, chumvi gramu 300, na laisini na methionini (viini vya protini vinavyouzwa kama unga) gramu 100 kila moja. Protini inafika kama asilimia 17. Hizo gramu za mwisho ndizo watu huziruka kwa kuona ni kidogo, wakati mtama una upungufu wa laisini kuliko mahindi. Dagaa wakiwa wa chumvi, punguza au acha kabisa ile chumvi ya kuongeza.

Punje za mtama ni ndogo na ngumu, na baadhi hupita mashineni zikiwa nzima. Mwambie mwenye mashine aweke chekeche lenye matundu madogo kuliko la mahindi, lakini asisage hadi iwe unga wa ugali; vumbi huganda mdomoni mwa kuku na nyingi hubaki kwenye vyombo. Badilisha chakula polepole kwa siku 7 hadi 10, ukianza na robo ya mtama.

Kiini cha yai kupauka ni lawama ambayo mtama hubebeshwa bure. Mahindi yetu mengi ni meupe, nayo hayana rangi ya kutoa. Ukitaka kiini cha njano, ning'iniza mchicha au majani ya mti wa lusina bandani. Lusina iwe kidogo tu.

Uwele nao ni mzuri, na protini yake hupita ya mtama. Chenga za mchele zinafaa kwa walio karibu na mashine za kukoboa, kama Mbeya, au Mwea kule Kenya. Muhogo ndio wa kuchukuliwa kwa hesabu: makopa yaliyomenywa na kukauka vizuri yana nguvu, lakini protini ni asilimia 2 au 3 tu. Kilo 10 za mahindi zifidie kwa makopa kilo 8.5 na mashudu ya soya kilo 1.5. Muhogo mchungu uloweke kwanza, kisha uuanike, na makopa yasizidi asilimia 20 ya chakula chote.

Kuhusu bei, mtama unalipa ukiwa chini ya mahindi kwa angalau shilingi 5 katika kila 100, ukishajumlisha nauli na kusaga. Mara nyingi nafasi hiyo hupatikana msimu wa mavuno, kwa hiyo mwenye ghala anunue wa miezi kadhaa. Uwe umekauka hadi unyevu uwe chini ya asilimia 13, magunia yakae juu ya chaga mbali na ukuta. Mtama hushikwa na sumukuvu kwa nadra kuliko mahindi, lakini ukivunda hushikwa vilevile, na gunia lenye ukungu lisipelekwe bandani hata likipepetwa.